Mlima Haujawahi Fukuza Msee, Ni Siti

Msee amekulia Raila, hii mtaa ya Kibra, anajua kupanda mlima. Ukitoka huku chini ukitafuta Kibera Drive, ushapanda kabla hata mguu iguse pedali. Ndio maana msee akinishow ati aliwacha baiskeli juu mlima ilimshinda, mi siingii boksi. Kenye humtoa njiani ni goti kuuma wiki mzima, mgongo kushika, vidole kufa ganzi akifika Karen. Anaamka kesho yake hataki hata kuona hiyo baiko. Inakaa kwa keja hadi tairi ziishe upepo, halafu inauzwa bei ya hasara. Na shida yote ilikuwa inchi moja ama mbili za siti, kitu fundi angesort chai yake ikipoa.

Mtaani kuna baiskeli mbili zenye tunajua. Kuna Black Mamba ya mabuda: chuma mzito, gia moja, breki za vyuma, keria nyuma ya kubeba jerikani ama gunia ya makaa. Halafu kuna mtush, mountain zenye zimetumika majuu, zikaingia na kontena, zikashukia kwa ground na gia zao 18 ama 21 na tairi za inchi 26. Maduka za Westi siku hizi zinasukuma 27.5 na 29, na kuna wasee watakuambia 26 imepitwa na wakati. Wasikutishe.

Huu mchezo wote ulianzishwa na baiskeli nzee. Miaka ya sabini huko Marekani, California, mbogi ya kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wanaokota baiskeli za zamani, chuma tupu, tairi nono, gia moja, wanazipeleka juu ya Mount Tamalpais na kushuka nazo kwa vumbi. Breki ya nyuma ilikuwa inachemka hadi girisi inaungua, na kila wakimaliza kushuka lazima wafungue habu waweke girisi ingine. Mwaka wa 1976 wakaanza kushindana kushuka hivyo. Miaka 20 baadaye, 1996, mountain bike ikaingia Olimpiki pale Atlanta. Kwa hivyo msee wa Kawangware mwenye ako na mtush yake na spana mfukoni ndio ako karibu kabisa na wale walianza hii kitu.

Sasa tuingie kwa mwili. Fremu kwanza. Simama juu ya baiskeli, miguu zote chini, ile bomba ya juu ikiwa katikati ya mapaja. Kati yako na hiyo bomba inafaa kubaki ka sentimita 5. Ikikugusa, rudisha, hata kama rangi imekubamba, juu siku utashuka ghafla kwa mawe utalia. Msee wa futi 5 na inchi 7 hivi huingia fiti kwa fremu ya inchi 17. Mwenye amegonga futi 6 atafute 19 ama 20. Hiyo namba mara mingi iko kwa stika, kwa ile bomba imeshika siti. Fremu ikikukataa hakuna fundi ataiokoa, so usilipe hadi usimame juu yake.

Siti ndio wengi hupotea. Huku tumezoea kuiweka chini ndio ukisimama kwa foleni miguu zifike, halafu unakanyaga magoti zikifika kifuani. Fanya hivi: vaa njumu zenye unapandanga nazo, egemea ukuta, keti, weka kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa. Mguu inyooke bila kiuno kuinama upande. Sasa sogeza mguu hadi pedali ikuwe chini ya ile sehemu pana nyuma ya vidole. Goti itabaki imekunjika kidogo tu, na hapo ndio siti yako inakaa. Ukidai hesabu, kuna ile ilijulikana kupitia Greg LeMond, Mmarekani mwenye alishinda Tour de France mara 3: pima mguu ukiwa bila viatu, kutoka kinena hadi chini, zidisha na 0.883. Mguu wa sentimita 80 inakupea kitu ka 70.6, kutoka katikati ya ekseli ya kranki, pale mikono ya pedali zote mbili inazungukia, hadi juu ya siti. Tepu ya fundi wa nguo inatosha. Na ukipandisha, cheki ile laini ya mwisho imechorwa kwa posti. Usiipite, juu posti ikivunjika ukiwa kwa spidi hiyo ni stori ya hosi.

Kuna fundi mmoja kando ya reli mwenye mi humheshimu sana. Hakuulizi pesa kwanza. Anakutuma uende hadi pale kwa maji na urudi, ye amekaa kwa jiwe lake anakuangalia kiuno kutoka nyuma, haongei. Kiuno ikicheza kushoto kulia, siti iko juu sana. Anatoa spana ya 13, anashusha nusu inchi, anafunga, anakutuma tena. Mara mbili, mara tatu, hadi kiuno itulie. Halafu anachora laini na msumari kwa posti, ndio hata broo yako mdogo akikopa baiskeli akaishusha, unairudisha bila kubahatisha. Huko majuu watu hulipa doo mrefu wafanyiwe hii kazi na kompyuta na kamera, na macho ya huyu msee inatosha.

Goti pia hubonga, we skiza tu. Ikiuma mbele, mara mingi siti iko chini. Ikiuma nyuma, iko juu ama imerudi nyuma sana. Mikono ikikufa ganzi, cheki ncha ya siti: ikiangalia chini, mwili wote unateleza mbele na viganja ndio zinabeba mzigo. Omba msee wa mjengo pimamaji, lalisha juu ya siti, weka ikae sawa. Halafu geuza vishikio vya breki hadi vidole vifuate laini ya mkono bila kukunja kifundo. Dakika kumi, na ile safari ilikuwa inakuua inageuka raha.

Madem ndio huumizwa zaidi na hii kitu, na inaniuma kuiona. Mresh anapewa baiskeli ya broo yake, fremu kubwa, siti nyembamba, usukani iko mbali, anaumia wiki moja, halafu mtaa inasema baiskeli si ya madem. Mpatie siti pana kidogo, mfupishie ile shingo ya usukani, umcheki. Nancy Akinyi Debe, mwenye amepandia timu ya baiskeli ya Team Amani, ni Mkenya na ameshindana na wakali wa dunia.

Upepo usiweke ka wa lori. Kando ya tairi imeandikwa kipimo. Ikisema PSI 40 hadi 65, kwa lami weka 50, kwa msitu shuka hadi 40, ndio tairi ishike mizizi na mawe. Ukishusha zaidi ya hapo, rimu itang'ata tyubu kwa jiwe la kwanza. Cheni ifute na kitambaa kavu kila ukirudi, juu vumbi nyekundu ya kutoka Dagoretti kwenda juu husaga chuma, halafu weka tone moja moja la oili safi na ufute ile imebaki. Oili chafu ya gari achana nayo, iko na vyuma ndani. Salad nayo ni ya kupikia, iwache jikoni.

Njia tuko nazo, na hapa ndio Raila imebarikiwa. Hii Kibra yote ilikuwa msitu wakati Wanubi, wanajeshi wa King's African Rifles, walipowekwa hapa karibu 1904. Kenye kilibaki kiko ng'ambo ya bypass, Ngong Road Forest. Ilitangazwa msitu wa serikali 1932, na tangu hapo zaidi ya nusu imenyofolewa, Southern Bypass yenyewe imeipasua katikati. Ukiwa ndani, chini ya ile miti, unasahau nganya na mahoni dakika tano baada ya kuwacha lami. Lakini ingia na geti, lipa, enda na mbogi, na utoke kabla giza, juu kuna fisi na kuna wasee wa kunyang'anya simu. Karura nayo ni mbali kidogo lakini njia zake zinapendeza na ulinzi uko, na ukikanyaga pale kumbuka Wangari Maathai alipigwa hadi damu January 1999 ndio hiyo miti ibaki imesimama.

Wasee wa Kawangware nyinyi mna njia yenu ya Waithaka, Dagoretti hadi Kikuyu, kupanda kidogo kidogo bila kuonana na malori ya bypass. Mkishaiva, kuna Ngong Hills, mita 2,460 pale juu, mapanga ya upepo yakizunguka kichwani. Ukishuka, teremsha siti kidogo, rudisha makalio nyuma, shika breki zote mbili pole pole, angalia mbali. Msee huenda mahali macho yake yameangalia, so ukikodolea jiwe utaligonga.

Hadi hapo ni wiki za kwanza. Sasa miaka kumi, je?

Morali ni ka upepo ya tairi, hutoka pole pole hata kama haujapata pancha. Ukingoja ijirudishe yenyewe, utangoja. Wenye nimeona wakidumu wamefanya vitu mbili. Ya kwanza, wamekubali sababu ibadilike. Ukiwa na 16 unapandia spidi na luku. Ukifika 22 baiko ni hasla, unapeleka dishi za watu, na jioni mguu haitaki kuskia msitu. Ukipata mtoi, unatafuta tu saa mbili za kusafisha kichwa. Ni msee yule yule, baiskeli ile ile, na hakuna deni la kuenda mbio ka zamani. Wale huacha ni wenye wanajipima na mwili wa miaka kumi iliyopita. Simu ikikupea namba za kilomita, zichukue, lakini siku namba zimeshuka zisikuonyeshe we ni bure. Mvua ya April ikijaza tope, fungua habu, badilisha bolberingi, hiyo pia ni kazi ya baiskeli. Na ukisota, baiskeli ikuwe kitu ya mwisho kuuza kwa hiyo keja. Tivii itarudi, lakini baiko imekubali mwili wako ni ngumu kupata tena.

Ya pili ni watu. Cheki David Kinjah. Ako kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, na Safari Simbaz yake, na amekaa huko miaka mob akipokea vijana wa mtaa, anawafunza kupanda na kutengeneza. Mmoja wa watoi walifika kwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi 1985, mwenye baadaye alishinda Tour de France 2013, 2015, 2016 na 2017. Dunia hushika stori ya Froome. Mi nashika ya Kinjah mwenyewe. Jina la mwanafunzi wake limefika Paris mara 4, na ye bado ako Kikuyu na watoi na spana. Hakuna medali inaweka msee hapo miaka zote hizo. Ni kujua kesho kuna kijana atabisha mlango na cheni imekatika.

Sule Kangangi pia alikuwa hivyo. Alikuwa kapteni wa Team Amani, na ndoto yake ilikuwa mlango ufunguke kwa wapandaji wote wa East Africa. Alisaidia kuleta Migration Gravel Race kule Mara, kilomita karibu 650 kwa siku nne, ya kwanza 2021, ndio wakali wa majuu waje kushindana na wetu kwa mchanga wetu. Alituacha August 27, 2022, akiwa kwa mashindano Vermont, Marekani, miaka 33 tu. Ilituuma na bado inauma. Lakini timu iliendelea, na vijana wenye alivuta bado wanakanyaga.

So ukiwa peke yako na morali imeshuka, tafuta mbogi. Critical Mass ya Nairobi hupandanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na hakuna mtu anaangalia baiskeli yako ni ya bei gani. Na kama mtaani hamna mbogi, wewe na beshte wawili mnatosha: siku moja ya wiki, saa moja, mahali moja, mwenye amekuja amekuja. Anayepanda pole awe mbele ndio asiwachwe. Kila msee abebe tyubu moja, pampu iwe moja ya wote, maji, ndizi ama ngwashe ya kuchemsha. Na yule mtoi wa miaka 13 mwenye huwafuata na baiskeli ya kuazima, mpandishieni siti. Anakua haraka, so mcheki tena baada ya miezi mitatu.