Usingizi ukigoma, tibu usingizi wenyewe

Lanet, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, hailali. Malori hupita usiku kucha, wanajeshi wa kambini hupokezana zamu, mabawabu hukesha malangoni. Ukiuliza nani hapa hapati usingizi, wengi watainua mkono, ila daktari atawagawa mafungu mawili. Dereva anayetafuna muguka ili afike Malaba kabla ya mapambazuko amejinyima usingizi tu. Mpe kitanda na utulivu, atakoroma. Mgonjwa ni yule mwenye kitanda, giza na saa za kutosha, lakini anakodoa macho darini. Hali hiyo ikimjia angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na mchana wake ukavurugika, basi ukosefu wake wa usingizi umekuwa sugu.

Zamani madaktari waliamini hiyo ni dalili tu: tibu sonona au wasiwasi, usingizi utarudi wenyewe. Mwaka 1989, Daniel Ford na Douglas Kamerow wa Marekani walichapisha utafiti uliowahoji watu karibu 8,000 mara mbili, mwaka mmoja ukipita katikati. Waliokuwa bado hawalali walipohojiwa tena ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuingiwa na sonona. Mwaka 2017, Daniel Freeman wa Oxford alichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 3,755 nchini Uingereza. Waliotibiwa kukosa usingizi walipungukiwa pia na shuku, maruweruwe, wasiwasi na sonona. Hawakutibiwa kingine ila usingizi.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba chanzo huisha nao ukabaki. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba Nakuru Januari 2008, kukesha kulikuwa na sababu. Ila mtu akizoea hofu ya usiku huanza kujitibu kwa njia zinazomkaanga: anapanda kitandani saa mbili ili "awahi" usingizi, anasinzia mchana, anachungulia saa kila mara. Ubongo unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika.

Ndiyo maana tiba yenyewe huwashangaza wagonjwa: wanaambiwa wapunguze muda wa kukaa kitandani. Anayelala saa tano na nusu kati ya tisa anazokaa humo hupewa saa sita hivi, tuseme kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, Jumapili ikiwemo. Usingizi ukishikamana, anaongezewa dakika 15. Sharti jingine lilitokana na mwanasaikolojia Richard Bootzin, mwaka 1972: usipolala upesi, toka kitandani, urudi macho yakilegea. Wiki za kwanza ni chungu, na mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia mseto au dereva wa masafa asijaribu bila mtaalamu. Hata hivyo, tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kimeshauri tiba hii ya fikra na mienendo itangulie vidonge.

Kwetu vidonge ndivyo hutangulia. Piriton ya mafua huacha kichwa kizito asubuhi na nguvu yake hufifia upesi. Pombe hulaza, kisha humwamsha mtu saa tisa. Diazepamu huzoeleka mwilini, na aliyeitumia muda mrefu asiikate ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Hata chai ya saa kumi na moja jioni: nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa nne usiku.

Nionavyo, kwa mji wenye kambi, usingizi ni mlango mzuri wa kuingilia. Mwanajeshi atasita kumwambia daktari "nina huzuni", ila "silali" atatamka bila aibu, na muuguzi mwerevu ataendelea kuuliza kutoka hapo. Hospitali ya rufaa ya Nakuru ina kitengo cha afya ya akili. Anayewaza kujiua asingoje kliniki. Apige 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Wengine waende na daftari la wiki mbili: saa ya kupanda kitandani, ya kusinzia, ya kuamka, na kilichonywewa jioni.