Mchezo Wenye Kuhesabu Matendo ya Mchezaji

Wazazi wengi huuliza kama michezo ya kompyuta ina faida yo yote kwa watoto wao. Swali hilo halina jibu moja, kama vile mtu hawezi kusema kwa neno moja kwamba vitabu ni vyema au vibaya. Yafaa kushika kimoja na kukisoma. Basi leo tushike mchezo mmoja wa zamani, uitwao Ultima IV, uliotolewa Marekani mwaka 1985, tuupime.

Mtungaji wake ni Richard Garriott, aliyezaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1961, akakulia Texas. Baba yake, Owen Garriott, alikuwa mwanaanga, naye mwaka 1973 alikaa siku 59 katika kituo cha Skylab. (Mwana naye alifika angani mwaka 2008, lakini hiyo ni habari nyingine.) Michezo mitatu ya kwanza ya Ultima ilifuata desturi ya michezo ya namna hiyo: mchezaji hujifanya shujaa katika nchi ya kubuniwa, hutafuta silaha na dhahabu, huua mazimwi, na mwisho humshinda adui mkubwa. Ndipo barua za wachezaji zilipomfumbua macho Garriott. Wengi walikuwa wakiiba madukani na kuua wanakijiji wasio na hatia, kwa sababu njia hiyo ilikuwa fupi; nao walipofika mwisho walisifiwa kama wengine.

Mchezo wa nne ulikuwa jibu lake. Ndani yake hamna adui mkuu wa kuuawa. Mchezaji hutakiwa kutimiza fadhila nane, yaani unyofu, huruma, ushujaa, haki, kujitoa sadaka, heshima, uchaji na unyenyekevu, kisha ateremke katika shimo refu, mahali kilipo kitabu cha hekima. Atakayefaulu huitwa Avatar, jina lililotoka katika dini ya Wahindu. Wazazi walijue jambo hilo mapema, wasishtuke.

Mwanzoni mwanamke mtabiri humpangia mchezaji karata. Twakiri kwamba watabiri hawatupendezi. Lakini huyu haagui cho chote, huuliza maswali tu, nayo ni magumu. Umekabidhiwa mfuko wa dhahabu isiyohesabiwa, ukampeleke mwenyewe. Njiani unakutana na maskini. Je, utaifikisha amana yote, au utamtolea huyo sarafu moja? Hapo wema hushindana na wema, si wema na uovu. Baada ya maswali saba, fadhila uliyoitanguliza huamua kazi yako na mji utakakoanzia. Aliyechagua unyenyekevu huwa mchungaji, mnyonge kuliko wote, naye huanzia Magincia, mji ulioangamia kwa kiburi chake na kubaki makao ya mizimu. Twaona hilo ni wazo zuri kupita yote katika mchezo huu, ingawa mwanafunzi mwenye haraka atalichukia.

Kisha safari huanza, na hakuna anayekuambia kwamba matendo yako yanahesabiwa moja moja. Muuza mimea ya dawa ni kipofu. Hutaja bei, nawe humlipa kiasi unachotaka. Ukimpa sarafu moja badala ya kumi, hatalalamika, na mimea utaipata. Faida unaiona papo hapo. Hasara hujificha, kwa maana unyofu umepungua, tena haki na heshima pamoja nao. Kadhalika kukimbia mbele ya kiumbe mwovu hupunguza ushujaa, na kufungua sanduku la mtu mjini huhesabiwa wizi. Mponyaji akikuomba damu, ukimpa, nguvu za mwili hupungua lakini sadaka huongezeka. Katika ngome ya mfalme yumo mzee Hawkwind. Ukimwendea na kumwuliza juu ya fadhila moja moja, atakueleza hali yako bila kukuficha. Wengi walijiona mashujaa mpaka walipomwuliza.

Hata hivyo mashine haioni moyo. Ukimpa maskini sarafu moja, huruma yako huongezeka sawasawa na ya yule aliyetoa mia. Mchezaji mjanja hugundua hesabu hiyo upesi, akawatafuta maskini kama mkulima atafutavyo mbolea, ili shamba lake mwenyewe listawi. Mtoto atakayecheza hivyo atajifunza kujaza daftari, wala hatajifunza huruma. Lakini yule wa kwanza, asiyejua bado kama anahesabiwa, asimamaye mbele ya kipofu na mfuko mkononi, huyo amejaribiwa kweli. Ndiyo sababu twawasihi wakubwa waliokwisha ucheza wasiwafunulie wadogo siri hiyo.

Kasoro nyingine zipo. Picha ni ndogo na nyonge. Mapigano yanarudiwa mno, hasa katika shimo la mwisho, na kuchanganya mimea kwa kila dawa ya uchawi huchosha. Tena mazungumzo yote ni kwa Kiingereza cha kizamani, na mchezaji lazima aandike neno analotaka kuuliza. Anayejua Kifaransa tu atashindwa mlangoni. Lakini anayejifunza Kiingereza atapata humo mazoezi yasiyomchosha kama kitabu cha sarufi.

Tangu mwaka 2011 duka la michezo la GOG hutoa Ultima IV bila malipo, na kompyuta dogo laweza kuuendesha. Sanduku la mwaka 1985 lilikuwa na ramani ya kitambaa na vitabu viwili. Atakayecheza leo avisome vitabu hivyo kwanza, kisha aweke karatasi na kalamu karibu, kwa maana mchezo wenyewe haumwekei kumbukumbu ya neno lo lote aliloambiwa na watu wa nchi ile.