Gombani mpira ukiisha, Pemba ndo kwanza inaanza

JANUARI 13, 2025, kipenga cha mwisho kilipolia kwenye Uwanja wa Gombani, Zanzibar Heroes ilikuwa imeichapa Burkina Faso mabao 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi. Shangwe lilikuwa la haki kabisa.

Ila shabiki anayevuka kwenda Pemba kuangalia fainali, akapiga kelele, akalala saa tatu na kuwahi boti ya asubuhi, huyo ni sawa na aliyetoka uwanjani mapumziko. Kipindi cha pili hajakiona. Na nyumbani kuna watu wanasubiri, maana kila mwaka safari za baba ni za mpira tu.

Dawa ni moja: safari ya mpira igeuzwe likizo ya familia. Pemba panafaa. Watalii wengi huishia Unguja, hivyo huku hakuna msongamano wala muziki wa usiku kucha.

KALENDA KWANZA
Mapinduzi hupigwa Januari, na hapo shabiki ana bahati. Ni msimu wa kaskazi, jua kali na bahari imetulia. Anayesubiri ligi iishe ndio asafiri anakutana na kusi, upepo wa katikati ya mwaka, mawimbi yakiwa makubwa zaidi. Machi hadi Mei ni masika, fukwe zinalowa tu.

Njia ni mbili. Boti inapitia Unguja na kushusha Mkoani, kusini mwa kisiwa. Ndege ndogo inatua Chake Chake, mji ulio jirani na Gombani. Kutoka hapo daladala zinapanda na kushuka vilima katikati ya mikarafuu, maana sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka huku.

MISALI, KISIWA CHENYE KIBLA
Magharibi mwa Chake kuna Misali, kisiwa kidogo chenye hifadhi ya bahari. Kasa hupanda kutaga kwenye mchanga wake, na matumbawe yako karibu na ufukwe. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alipofika aliomba msala wa kuswalia, akakosa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake kwa kuwa kimeelekea kibla.

Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea, avae miwani ya maji na mrija, samaki atawaona vizuri tu. Wazamiaji wa mitungi ndio wanaoifuata Pemba kutoka mbali. Mkondo kati ya kisiwa na bara una kina kinachopita mita 800, na maji yake yana nguvu. Sehemu nyingine si za wanaoanza, hivyo mwongozaji akisema hapana, basi ni hapana. Mwamuzi huyu habishiwi.

USIZAMIE, UKARUKA
Hapa ndipo shabiki anaweza kujitia matatani. Anazamia Jumamosi mchana, Jumapili asubuhi anadandia ndege kuwahi dabi Dar. Hatari hiyo!

Mtu akiwa chini ya maji, nitrojeni ya hewa anayovuta huingia mwilini. Akipanda angani mapema, shinikizo hupungua na gesi hiyo hutengeneza mapovu yanayoweza kumpoozesha au kumuua. Aliyezamia mara kadhaa akae angalau saa 18 kabla ya kuruka, na akifikisha 24 ni salama zaidi. Mwenye haraka na dabi yake aache kuzamia Ijumaa, au arudi kwa boti.

POPO NA MAFAHALI
Kaskazini, baada ya Konde, kuna msitu wa Ngezi na karibu yake ufukwe wa Vumawimbi. Kule Kidike wanakijiji wanalinda popo wa Pemba, wakubwa, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita moja. Hawapo kwingine duniani. Zamani waliwindwa kwa kitoweo mpaka wakakaribia kwisha, leo wageni wanalipa kiingilio kuwatazama.

Bahati ikiwepo, shabiki atakuta mchezo wa ng'ombe, unaosemwa kuachwa na Wareno. Fahali hauawi. Vijana wanamchokoza, wanamkwepa, na chenga zake haziigizwi kumdanganya refa.

Nje ya ufukwe mavazi yawe ya heshima, Wapemba wengi ni Waislamu. Hesabu nzuri ni siku tano: moja ya Gombani, moja ya Misali, moja ya kuzamia, moja ya Ngezi na Kidike. Ya tano ni ya kukaa nchi kavu kabla ya ndege, na kupitia Wete kununua halua ya majirani.