Gunia lililoloa lisiishie kwenye sahani ya mtoto

Mwezi uliopita mdogo wangu alishusha magunia 12 ya mahindi uani kwangu, hapa Gisozi. Aliyatoa Ngara, yakavukia Rusumo, na njiani mvua ikapenya kwenye turubai lililotoboka. Matano yaliloa. Tuliyaanika siku nne. Kwa juu yalikauka, lakini tulipovunja punje tulikuta ukungu wa kijani.

"Kaka, shule yenu si inanunua unga?" akaniuliza. "Yakishasagwa, nani atajua?"

Ndugu msomaji, mtaji ule ulikuwa wa mkopo, na mdhamini ni mimi. Lakini mimi ni mwalimu pia, nimo katika kamati ya kupokea chakula. Tangu mwaka 2021 mpango wa serikali wa chakula cha shuleni unahusu wanafunzi wote, wa awali hadi sekondari. Wanaokula kawunga hiyo ni watoto ninaowafundisha. Siku ile sikumjibu.

Ukungu wa namna ile unaweza kuzaa sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiliwa kwa wingi huua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na watafiti wanaihusisha na udumavu wa watoto. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 balaa hilo likapiga Dodoma na Manyara, Tanzania.

Katika kutafuta jibu nilirudia kazi za Profesa Ruth Oniang'o wa Kenya. Mama huyu alifundisha lishe chuo kikuu, akaanzisha jarida la kitaaluma la chakula na lishe mwaka 2001, akawa mbunge kuanzia 2003 hadi 2007. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Afrika pamoja na Maïmouna Coulibaly wa Mali. Ninachojifunza kwake ni kwamba shamba, zahanati na bunge ni kazi moja.

Sheria tunayo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii. Siku chache baadaye ikafungua, kwa sharti la cheti cha usalama. Mwenye cheti alipita; asiye nacho alikwama.

Lakini afisa hawezi kuwa kwenye kila njia ya baiskeli. Kwa hiyo mfanyabiashara aanze mwenyewe. Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15; usinunue. Isipoganda, bado kipimo cha sumu kinahitajika.

Yale matano tuliyafukia. Hata kuku hatukuwapa, kwani sumu hupita hadi kwenye mayai. Saba yaliyobaki tuliyapeleka kupimwa kwanza.

Mdogo wangu alininunia wiki nzima. Sasa anasafiri na chupa ya chumvi kwenye mkoba, na deni tunalilipa wawili.