Samaki auzwapo, maarifa yake yasiachwe pwani

Ipo biashara moja katika pwani yetu ya kusini ambayo haizungumzwi sana barazani wala darasani, nayo ni biashara ya samaki wa mapambo. Vijana wetu hupiga mbizi kwenye miamba ya matumbawe na kuwanasa kwa vyavu vidogo samaki ambao hakuna amtiaye chunguni. Samaki hao husafirishwa wakiwa hai, na wengi wao hupandishwa ndege hadi nchi za ng'ambo, wakatiwe katika matangi ya kioo na kutazamwa na watu ambao pengine hawatauona mwamba maishani mwao. Ni riziki ya halali kwa wenye leseni, nami siandiki makala haya kuibeza. Naandika kwa sababu mara nyingi mno samaki hao hufa siku chache baada ya kununuliwa, na mnunuzi huambiwa kwamba ndivyo walivyo samaki wa baharini.

Mimi si mwanabiolojia. Kazi yangu ni isimu, na kwetu ni Jego, kule jirani na Vanga ambako Kenya inapakana na Tanzania. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba chanzo kikubwa cha vifo hivi kinaihusu lugha. Samaki husafiri, ilhali yale yanayojulikana kumhusu hubaki pwani na wale waliomvua.

Hapana budi tuanze na tofauti moja ya msingi. Samaki wa mapambo wa maji matamu, takriban asilimia 90, huzaliwa na kukuzwa katika mabwawa ya wafugaji. Hawa wamezoea kioo, chakula cha paketi na kivuli cha mwanadamu tangu utotoni. Samaki wa baharini ni kinyume chake kabisa, kwani walio wengi wamevuliwa mwituni. Kumtia tangini samaki wa aina hii ni sawa na kumfunga swala zizini na kumtarajia ale pumba jioni ile ile.

Safari yenyewe ni mtihani. Walimu wa fizikia watakumbuka kwamba katika kina cha mita 10, kanieneo ya maji na hewa kwa pamoja ni maradufu ya ile iliyoko juu. Samaki wengi wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea. Akipandishwa kwa pupa kutoka kina hicho, hewa ile hutanuka hadi mara mbili ya ujazo wake, ikamwumiza matumbo. Mpiga mbizi mwenye subira humpandisha hatua kwa hatua. Mwenye haraka humpandisha kwa mkupuo mmoja, naye samaki huonekana mzima hadi atakapofika mikononi mwa mtu mwingine.

Kisha huja mfuko wa plastiki, uliotiwa maji kidogo na oksijeni. Ili asiyachafue maji hayo, samaki hufungishwa siku moja au mbili kabla ya safari. Hata hivyo, hutoa amonia kwa njia ya matamvua na huendelea kupumua, hivyo hewa ya kaboni hulimbikizana mfukoni na kuyafanya maji yawe na uchachu. Ajabu ni kwamba uchachu huo humkinga, kwa kuwa hupunguza ukali wa amonia. Mfuko ukishafunguliwa, hewa ile hutoka, uchachu hupungua, na amonia hugeuka kuwa sumu kali kwa ghafla. Mnunuzi anayeufungua mfuko na kuuacha ukielea tangini kwa saa nzima, akidhani anamzoesha mgeni wake, huenda anamwua kwa upole wake.

Tangi nalo lina masharti yake. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kuigeuza amonia kuwa nitriti na hatimaye nitrati, na bakteria hao huhitaji majuma 4 hadi 6 kujijenga. Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndani ya tangi methali hii ni kweli tupu, maana mzoga mmoja uliofichika nyuma ya jiwe hutoa amonia ya kuwaangamiza wote waliosalia. Isitoshe, mgeni huweza kuingia na vimelea vinavyoonekana mwilini kama chembe za chumvi, na ndiyo sababu wafugaji wenye busara humtenga kwa majuma kadhaa kabla ya kumchanganya na wenyeji.

Mambo haya yote hufundishika. Lililo gumu zaidi ni chakula, na hapa ndipo lugha inapoingia.

Mwalimu mmoja rafiki yangu, mkazi wa Nairobi, alinunua samaki wanne wa baharini. Mmoja wao alikuwa kitatange, ila aliuziwa kwa jina la kipepeo, tafsiri ya jina la Kiingereza. Tangi lilikuwa la muda mrefu na maji yake yalipimwa yakaonekana safi. Watatu walikula. Kitatange alizunguka siku tisa akikipita chakula kana kwamba ni mchanga, na siku ya kumi alikutwa akielea. Muuzaji alishikilia kwamba kosa ni la maji.

Nilipokwenda Jego likizo iliyofuata nilimkuta mzee mmoja mvuvi akishona wavu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamwuliza, "Mjomba, kitatange hula nini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Vitatange wako wengi, mwanangu. Yuko alaye kila kitu, na yuko asiyekula ila mwamba ulio hai. Huyo ukimtia ndani ya dema atakufa na chambo ki mbele yake."

Wanasayansi wanakubaliana na mzee huyu. Wapo vitatange kama Chaetodon auriga ambao hula wadudu na minyoo ya baharini ya kila namna, na hao huweza kuzoea tangi. Wapo wengine kama Chaetodon trifascialis ambao chakula chao karibu chote ni matumbawe hai, na kuwauza kwa mtu asiye na matumbawe ni kumwuzia maiti inayopumua. Hali kadhalika yupo yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus, ambaye riziki yake ni vimelea anavyovidonoa kwenye miili ya samaki wengine. Katika tangi lenye wateja watatu, kinyozi huyu hufa njaa.

Wala jambo hili si la bahari peke yake. Katika Ziwa Tanganyika wapo samaki wa jenasi ya Tropheus, wapendwao sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Samaki hawa hukwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wao ni mrefu kama wa wala majani wengine. Mnunuzi mkarimu humlisha mgeni huyu vyakula vizito vyenye nyama, na baada ya muda si mrefu tumbo humvimba akafa. Karimu huyo hakupungukiwa na mapenzi. Alipungukiwa na sentensi moja tu kutoka ziwani.

Sentensi za namna hiyo zimejaa katika Kiswahili chetu. Tunasema fulani ana usingizi wa pono, na kweli pono hulala fofofo usiku, baadhi yao wakijifunika utando wa ute wanaoutoa wenyewe. Twasema pia kwamba hasira za mkizi ni tijara kwa mvuvi, kwa maana mkizi huruka kwa hamaki akaangukia chomboni. Mwenye tangi lisilo na kifuniko angeliijua methali hii asingewaokota samaki wake sakafuni asubuhi, kwani samaki wengi wageni huruka usiku wa kwanza kwa hofu.

Sidai kwamba neno kitatange lenyewe limebeba orodha ya vyakula. Jina ni kigingi tu. Jamii ya wasemaji ndiyo inayokitundikia maarifa: mahali anapoishi, majira anapoonekana, anachokula na anayemla. Samaki anapobadilishwa jina kuanzia ufukoni hadi dukani, kigingi hung'olewa na yote yaliyotundikwa huanguka. Mnunuzi hubaki na jina linalomweleza rangi tu.

Wapo watakaosema kwamba samaki akifa mnunuzi atanunua mwingine, na mvuvi atapata tena. Hoja hii ni ya mtu anayeihesabu bahari kama kisima kisichokauka. Mwaka 1998 joto la bahari lililoandamana na El Niño liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, miamba ya Kenya ikiwamo, na samaki wategemeao matumbawe ndio wa kwanza kukosa makao. Kila anayekufa tangini bila sababu humtoa mwenziwe mwambani kuja kuijaza nafasi yake. Fauka ya hayo, mnunuzi aliyefiwa mara tatu huacha kununua, na hasara hiyo humrudia kijana wa Shimoni au Msambweni.

La kufanya lipo. Kila mfuko unaoondoka pwani uambatane na karatasi yenye jina la samaki kwa Kiswahili na kwa sayansi, mahali na kina alikovuliwa, zana iliyotumika na chakula chake. Muuzaji asimtoe samaki kabla ya kumwona akila, na mnunuzi asilipe kabla ya kuonyeshwa. Wale wasioweza kuishi ila kwa matumbawe hai waachwe mwambani, maana hakuna ufundi wa kuwasaidia.

Kwenu walimu na wanafunzi, nina ombi la ziada. Mwaka 1957 H. E. Lambert alichapisha utafiti wake kuhusu Kivumba, lahaja ya watu wa Vanga na Wasini. Alikuwa mgeni. Sisi wenyeji, wenye shule kutoka Jego hadi Diani, tumeandika nini kuhusu majina ya samaki wetu? Kamusi zetu mara nyingi hutosheka kutuambia "aina ya samaki" kisha zikanyamaza. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu anaweza kukaa na babu yake jioni moja na kuandika majina kumi, na mbele ya kila jina aandike samaki huyo huishi wapi na hula nini. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi walisahihishe daftari hilo kwa pamoja. Wazee wanaoyajua hayo wangali hai, na kila mwaka wanapungua.