Nani Amekipaka Kiazi Rangi?

Njooni mkae hapa mkekani, Nakato na Babirye. Mama yenu Nnalongo amefungua majani ya mgomba, na mvuke umetujaa usoni. Chunguni mna lumonde, yaani viazi vitamu. Vingi ni vyeupe, vile tulivyozoea. Vitatu vina rangi ya karoti.

"Mjomba, nani amevipaka rangi?"

Ahaa! Swali zuri hilo, Nakato. Wakubwa wengi hula tu na kunyamaza. Wewe umeuliza. Basi tukiulize kiazi chenyewe.

Kiazi kikajikohoza, kikasema, "Hakuna aliyenipaka. Nivunje uone."

Nakato akakivunja. Kweli! Rangi mpaka katikati.

"Ni mambo ya mapishi," kikasema kiazi. "Kila kiumbe kina vitabu vya mapishi mwilini mwake, vidogo mno. Wataalamu huviita kromosomu. Pishi moja moja lililoandikwa humo ni jeni. Wewe Nakato una vitabu 46. Mimi ninavyo 90."

"Tisini! Kwa hiyo una akili kunishinda?"

"Hapana, mwanangu. Vyangu ni vya aina 15 tu, ila kila aina nina nakala sita. Wewe una nakala mbili mbili."

Hebu fikirini wapishi sita kwenye chungu kimoja. Huyu asema tia rangi, yule asema usitie, wa tatu kalala. Nani ajue mchuzi utatokaje? Ndivyo kilivyo kiazi. Mama hutoa nakala tatu na baba hutoa tatu, na kila mbegu huchanganya kwa namna yake. Ukipanda mbegu 100, usitegemee kupata viazi viwili vya kufanana.

"Lakini mjomba, Jjajja, bibi yetu, hapandi mbegu. Hukata marando akayachomeka kwenye tuta."

Vizuri sana, Babirye! Umeona mbali. Rando si mtoto, ni pacha. Linabeba vitabu vilevile 90, kama ninyi wawili mnavyofanana hata nikawachanganya. Kiazi cheupe kitazaa pacha mweupe, mwaka huu na mwaka ujao. Ukitaka kipya, lazima upitie kwenye ua.

Twende basi Namulonge, hapa kwetu Uganda. Shika barabara ya Gayaza, pita Kalerwe, endelea mbele. Huko kuna kituo cha utafiti wa mazao cha taifa. Zamani, mwishoni mwa miaka ya 1940, kilianza kwa ajili ya pamba. Siku hizi viazi vina shamba lao. Wataalamu hupanda aina nyingi pamoja, zichanue pamoja. Ua la kiazi ni kama tarumbeta ndogo, jeupe kwa nje, zambarau kooni. Hufunguka alfajiri, na jua likiwa kali limeshanyauka. Tena lina maringo! Kwa kawaida hukataa chavua yake lenyewe. Lataka ya mgeni. Nani ataileta? Nyuki. Nyuki ndiye mshenga.

Baadaye mbegu hukusanywa. Zina ganda gumu, hukwaruzwa kwanza ndipo zikaota. Kisha kazi ya kuchagua huanza, na huchukua miaka.

Hapo palikuwa na tatizo ambalo hamlidhanii. Rangi yenyewe ilipatikana. Mgumu ulikuwa mdomo! Viazi vingi vya rangi vilivyotoka nje vilikuwa tepetepe, vimejaa maji. Nasi huku tunapenda kiazi cha unga, kinachokukaba kooni mpaka utafute chai. Na mapishi ya rangi na mapishi ya unga hayapatani kirahisi: ukivuta rangi, unga hupungua. Ikabidi watafute kimoja katika maelfu, chenye vyote viwili, na tena kisichoangushwa na virusi vinavyobebwa na nzi weupe na vidukari.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Mganda, Dkt. Robert Mwanga. Mwanga kwa Kiswahili ni nuru, na nuru yahusu macho, subirini kidogo. Mwaka 2004 aina mbili za rangi, Ejumula na Kakamega, ziliidhinishwa nchini. Mwaka 2007 zikafuata NASPOT 9 O na NASPOT 10 O, ambazo watu huziita Vita na Kabode. NASPOT ni kiazi kitamu cha Namulonge, na ile O ni rangi ya chungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2016 Dkt. Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

"Tuzo kwa sababu ya rangi tu?"

Ndiyo, ila rangi hiyo ina kazi. Inaitwa beta-karotini, na mwili wako huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa, magharibi ikiingia hajui mlango uko wapi. Upungufu huo ukizidi anaweza kupofuka, na homa ndogo humwangusha. Gramu 125 za kiazi hiki, kimoja kidogo tu, zinamtosha kwa siku mtoto ambaye hajaanza shule. Sasa mmeuona mwanga?

"Na mchuzi wa karanga, mjomba?"

Usiuache! Vitamini hiyo hupenda mafuta, na binyebwa, yaani mchuzi huo wa karanga, inayo. Jjajja alichanganya viwili hivi kabla ya mtaalamu yeyote kumwambia. Ila msianike vipande juani na kuviweka miezi: rangi hufifia, na faida huondoka nayo.

Kiazi kimenyamaza. Babirye amekimaliza.

Jumamosi mkipita sokoni Kalerwe msidanganywe na ngozi ya kiazi. Kuna chenye ngozi nyekundu ambacho ndani ni cheupe. Mwambieni mama muuzaji, kwa adabu, akikwangue kidogo kwa ncha ya kisu kabla hamjalipa.