Je, Wajua? Bustani ya Gunia Husimama kwa Kokoto Zake

Bustani ya gunia ni gunia lililojazwa udongo uliochanganywa na samadi, likasimamishwa wima, likatobolewa ubavuni na kupandwa miche ya mboga pande zote. Katikati yake, toka chini hadi juu, hupita nguzo ya kokoto inayosambaza maji. Haina msumari, haina mbao za kupima wala bawaba za kunyoosha. Ndiyo maana kazi hii humwangukia mara nyingi yule mtu wa nyumbani asiyependa ufundi, anayeamini kwamba kitu kisicho na misumari hakiwezi kumshinda. Kinawashinda wengi, na mara nyingi kinachowashinda ni ile nguzo ya kokoto.

Faida ya gunia inatokana na umbo lake. Gunia lenye kipenyo cha sentimita 40, likijazwa hadi kimo cha sentimita 90, hukalia ardhi ya mita ya mraba 0.13 tu. Ubavu wake una mita ya mraba 1.13. Ukijumlisha ubavu na uso wa juu, sehemu ya kupandia inakuwa mara kumi ya ardhi iliyokaliwa. Uwiano huo hupanda gunia likirefushwa na hushuka likinenepeshwa, kwa hiyo kutafuta gunia pana kuliko yote sokoni hakuna maana.

Kupanda mimea wima kulishapewa hataza nchini Marekani mwaka 1938, pale Stanley Hart White wa Chuo Kikuu cha Illinois alipobuni kuta za kuoteshea mimea. Gunia halikuhitaji hataza. Huko Kibera, Nairobi, magunia ya sukuma wiki yalienea kuanzia mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipoanza kugawa miche na kufundisha wakazi. Mtaa ambao nyumba zimebanana hauna shamba, lakini una nafasi ya gunia mlangoni. Lesotho nayo ina bustani zenye umbo la duara na kuta za mawe, ambazo katikati huwekwa kikapu cha takataka za jikoni. Umbo ni jingine, ila maji na rutuba hutoka katikati vilevile.

Gunia linalotumika siku hizi ni la nyuzi za polipropilini, lile la mahindi, mchele au sukari. Halioozi, lakini miale ya urujuanimno ya jua huzikata nyuzi zake taratibu, na baada ya misimu kadhaa huanza kuchanika zenyewe. Gunia la katani huoza mapema zaidi kwa sababu hukaa na unyevu muda wote. Lililobeba saruji, dawa za kilimo au mbegu zilizotiwa dawa halifai kabisa, hata likioshwa.

Udongo hutegemea mahali. Mchanga wa Dar es Salaam hupitisha maji haraka mno na huhitaji samadi nyingi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ulio mwingi Nairobi, huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na nyufa zake hukata mizizi michanga. Kipimo kinachofanya kazi sehemu nyingi ni ndoo mbili au tatu za udongo kwa ndoo moja ya samadi iliyooza. Neno iliyooza lina uzito hapa. Samadi mbichi hutoa amonia na joto, na rundo linalooza vizuri hupita nyuzi 55 za selsiasi, joto lisilovumiliwa na mche.

Nguzo hujengwa kwa kopo lisilo na mfuniko wala kitako, kama lile la rangi. Kopo husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, kisha udongo humwagwa kulizunguka na kushindiliwa kidogo. Halafu kopo huvutwa juu kiasi, huku mdomo wake wa chini ukibaki ndani ya kokoto. Hujazwa tena, udongo huongezwa, huvutwa tena, mpaka juu. Kazi hii inachosha, na hapo ndipo asiyependa ufundi hutafuta njia ya mkato. Njia moja ni kutupa kokoto kwa mkono katikati ya udongo, na matokeo yake ni mawe yaliyotawanyika, si nguzo. Nyingine, inayoonekana ya akili zaidi, ni kusimamisha bomba refu toka chini, kujaza gunia lote, halafu kulichomoa bomba mwishoni. Halichomoki. Udongo wenye unyevu ulioshindiliwa kimo cha sentimita 90 hulikaba bomba pande zote, na likivutwa kwa nguvu hutoka na kokoto zake, huku udongo ukiporomokea kwenye shimo.

Sharti la nguzo kuwa ya kokoto tupu linatokana na tabia ya maji ndani ya vitundu. Mvutano wa uso wa maji huyafanya yapande ndani ya kitundu chembamba, na kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo yanavyofika mbali. Katika kitundu chenye upana wa milimita moja maji hupanda sentimita tatu hivi. Katika kitundu cha sehemu ya kumi ya milimita hupanda karibu sentimita 30. Nafasi kati ya kokoto ni kubwa, haziyazuii maji, nayo huteremka moja kwa moja hadi chini. Njiani, vitundu vidogo vya udongo unaoizunguka nguzo huyafyonza kwenda pembeni. Kokoto hupeleka maji chini na udongo huyavuta ubavuni, na kila kimoja lazima kikae mahali pake. Udongo ukiziba nafasi za kokoto, nguzo inakuwa udongo mtupu na maji huishia juu.

Dalili zake hazijifichi. Miche ya juu hunawiri, ya chini hubaki kimo kilekile wiki baada ya wiki na majani yake hugeuka manjano. Mwenye bustani huongeza maji, miche ya juu ikaoza mizizi, ya chini ikabaki na kiu. Hakuna dawa ya kumwaga inayorekebisha hali hiyo. Gunia humwagwa na kujengwa upya. Upana wa nguzo nao una mipaka. Sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Nguzo ya sentimita 25 katika gunia la sentimita 40 huacha udongo wa sentimita saba na nusu tu kila upande, unaokauka kabla ya saa sita mchana.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kujaza gunia mahali pasipo pake. Lililotajwa hapo juu hubeba zaidi ya lita 100 za udongo na kokoto, na likilowa huwa na kilo 150 hivi au zaidi. Halihamishwi. Lisimamishwe pale litakapokaa, juu ya ardhi iliyosawazishwa, na fito tatu au nne zichimbiwe kulizunguka na kufungwa kamba, maana udongo husukuma nje na msukumo huo ni mkubwa zaidi chini. Gunia lililoshindiliwa upande mmoja tu huanza kuinama mvua ya kwanza ikinyesha.

Matundu hutobolewa kwa mpangilio wa kupishana, yakianzia shubiri moja juu ya ardhi. Mche ukiingizwa ubavuni hulala, lakini baada ya muda mfupi shina huinuka lenyewe. Homoni iitwayo auksini hujikusanya upande wa chini wa shina na kuzirefusha seli za huko, ndipo shina hujikunja kuelekea juu. Sukuma wiki, spinachi na mchicha huvumilia maisha hayo. Nyanya na vitunguu hukaa juu, na karoti haina nafasi ubavuni. Mchicha ndio wenye haraka, huchumwa ndani ya mwezi mmoja hivi, nao hutaka jua kali. Katika eneo la ikweta jua hutembelea pande zote mbili: Nairobi, ubavu wa kaskazini hupata jua zaidi kati ya Machi na Septemba, wa kusini miezi iliyobaki.

Maji ya kuoshea mboga au mchele yanafaa kumwagilia. Ya kufulia nguo hayafai, kwa kuwa sodiamu iliyomo kwenye sabuni huvunja mshikamano wa udongo na kuviziba vile vitundu vidogo. Udongo wa jalalani ni hatari zaidi, hata ukionekana mweusi na wenye rutuba. Utafiti uliotolewa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 kuhusu jaa la Dandora, Nairobi, ulikuta karibu nusu ya watoto waliopimwa wakiwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Mboga za majani hunasa vumbi la udongo wa aina hiyo, na huweza pia kuyafyonza madini yenyewe.

Kadiri samadi inavyozidi kuoza, udongo hushuka ndani ya gunia na huhitaji kujaziwa juu, bila kuifunika nguzo. Gunia likianza kuchanika humwagwa lote: kokoto huoshwa na kutumika tena, udongo huchanganywa na samadi mpya, na nyuzi za plastiki hukusanywa zote kabla hazijasagika na kubaki shambani. Kitu pekee cha kununua tena ni gunia.